Mgeni wa Ngazi ya Mwisho

Kila asubuhi Filister alifungua ofisi ya Mzee Muigai kule Kawangware, akaosha vikombe na kubandika maji ya chai kabla ya wengine kuingia. Jumanne hiyo alikuta mlango uko wazi na chai imeshaiva. Chege, mpwa wa Mzee na karani mwenzake, alimvutia kiti cha wageni kilichokuwa karibu na mlango.

"Karibu, mgeni. Utakunywa ya maziwa ama strungi?"

"Chege, wacha mchezo. Kuna kazi ya jana haijaisha."

"Mgeni kufanya kazi? Utatuaibisha, jameni."

Filister alikwenda kwenye meza yake hata hivyo. Vibonye vya kompyuta havikubonyea chini ya vidole vyake. Droo ilijifunga taratibu, kwa heshima, alipoikaribia.

Sababu ilijulikana. Kompyuta ilikuwa imeletwa wiki iliyotangulia, na jana yake jioni fundi kutoka mjini alikuwa amempanga kila mtu kwenye ngazi yake. Juu kabisa alikaa Mzee Muigai, mwenye nyumba za kupangisha Kawangware na Kibera. Yeye angeona kila kitu na kubadilisha kila kitu. Chini yake alikuwa binti yake Ciru, kisha Chege. Fundi alipofika kwa Filister aliuliza cheo.

"Huyo ni kibarua," Mzee alisema. Filister alikuwa kibarua tangu ofisi ilipokuwa kibanda cha mabati.

"Mashine haina kibarua. Ina mfanyakazi, ama mgeni."

Mzee alifikiria likizo, hospitali na barua ya ajira.

"Weka mgeni."

Mgeni aliruhusiwa kutazama. Kugusa hakuruhusiwa.

"Mzee, naomba uniangalilie ile password ya mfanyakazi," Filister alimwambia mchana, akitazama viatu vyake.

"Tutaona. Umeongezewa chai?"

Jioni, nyumbani kwake Kibera, nyuma ya shule ya Olympic, mumewe Omolo alikuwa ametandika vitambaa vyeupe kwenye viti. Alimtuma binti yao Audrey, wa darasa la pili, akalete soda. Filister alipewa kipande cha katikati cha samaki. Aliposimama aoshe vyombo, sufuria ilimkwepa.

"Omolo, ni mimi."

"Si naona ni wewe. Lakini mgeni ni mgeni. Kaa upumzike."

Jirani yao Syokau alipita kuwasalimia. Syokau alikuwa ameandikwa "wa msimu" kwenye kiwanda cha kahawa, kwa hivyo alionekana miezi ya mvua tu. Huu ulikuwa Februari. Ilikuja sauti yake peke yake.

"Utazoea, mama Audrey," ilisema kutoka mlangoni. "Mimi siku hizi sisumbuki hata kuchana nywele."

Filister alilazwa kitandani, kwenye shuka jipya. Omolo na Audrey walitandika chini.

Asubuhi Audrey alimbebea mkoba na kumsindikiza hadi barabarani, kando ya Soko la Toi. Mtoto alikuwa akichechemea.

"Umeumia wapi?"

"Niko sawa, auntie. Usalimie watu wa kwenu."

Filister alivuka barabara, kisha akageuka. Audrey alikuwa ameketi juu ya robota la mitumba, ameshusha soksi. Goti lilikuwa limechubuka vibaya na damu imeganda. Alikuwa akilia, kwa kuwa mgeni alikuwa ameshaondoka.

Filister akarudi mbio. Mtoto alipomwona alipandisha soksi, akafuta macho, akatabasamu. Mbele ya wageni hatulii: Filister mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo.

"Umesahau kitu, auntie?"

Alifika ofisini amechelewa. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mgeni hachelewi. Chege alivuta kiti. Filister hakukiketia. Alipita moja kwa moja hadi mezani kwa Mzee Muigai.

"Mzee."

"Ni ile password? Fundi bado hajapita."

"Si password."

"Keti basi. Mbona unasimama kama askari kanjo?"

"Nilikuwa nasema password. Sikumaanisha password."

Mzee aliweka kalamu chini. Ciru aliacha kubofya.

"Ukiandikwa kazi, Filister, huja mambo mengi," Mzee alisema kwa upole. "Na hapa si tunakukaribisha vizuri? Kuna mtu amekukosea adabu?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Filister aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake.

"Mimi si mgeni, Mzee. Niandike kazi. Nataka mtoto wangu aweze kulia mbele yangu."

Mzee Muigai alimsikiliza hadi mwisho, kama mgeni anavyosikilizwa, kisha akamwambia Chege aongeze sukari.