Bati la Marehemu

Turubai lilikuwa limetuna katikati kwa maji ya mvua, na Hafidha alilisukuma kwa mpini wa jembe ili maji yamwagikie nje. Yalimwagikia ndani. Yakalilowesha godoro, yakauharibu unga uliobaki, yakamfikia Rukaya, binti yake wa pekee, ambaye alikuwa akikohoa tangu juma lililopita. Hafidha alimhamishia mtoto upande wa pili, akalikamua blanketi, kisha akatazama ng'ambo ya uwanja, mahali alipokuwa amejikataza kutazama.

Huko kulikuwa kukavu.

Chini ya nguzo nne za zege na mabati mapya ya buluu alilala mmisionari. Alikufa kwa homa zamani za Wajerumani, bila kumbatiza mtu hata mmoja katika delta nzima, na kaburi lake likabaki kichaka ambamo mbuzi walijikuna. Kisha akaja Profesa wa historia ya misheni kutoka Dar es Salaam, akakifyekesha kichaka. Baada yake yakaja mabati, saruji na uzio wenye kufuli. Mafuriko yalipoichukua nyumba ya Hafidha kule bondeni, pamoja na mpunga wake, kijiji kilimpa nafasi kwenye mwinuko huohuo. Wakawa majirani, yeye na marehemu.

Akamwonea wivu. Haukuwa wivu wa mchezo. Ulimkaba kifuani kila mvua ilipoanza kuligonga bati lile, kama mke asikiaye kicheko katika chumba cha mke mwenzake. Wifi yake, Chiku, aliyepewa ufunguo na mabuti ya mpira ili alifagie kaburi, alikuwa amekwisha kuujua wivu huo, na hakuacha kumtania.

"Mke mwenzio leo nimempiga deki. Ananukia."

"Ananukia kwa kuwa hana la kufanya. Nipe na mie bati, uone nitakavyonukia."

Asubuhi ile Hafidha alikwenda kwa Haidari, mwenyekiti wa kitongoji, akamkuta barazani akinywa kahawa. Mabati yaliyosalia yalikuwa yameegemezwa ukutani, nyuma yake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, bi Hafidha."

"Naomba mabati mawili tu katika hayo, nimfunike mtoto."

"Haya ni ya marehemu."

"Marehemu halowi, mwenyekiti. Amekwisha kufunikwa."

"Yametengwa kwa baraza la wageni wake." Haidari aliipuliza kahawa. "Dada yangu, usinitie lawamani. Marehemu ana mradi. Wewe una mradi gani?"

Hafidha alirudi na mvua yake.

Alasiri turubai lilichanika. Alimbeba Rukaya, ambaye sasa mwili wake ulikuwa wa moto, akaenda kusimama kwenye uzio. Chiku alimtazama mtoto, akauacha utani, akafungua kufuli.

"Ingia, wifi. Haidari asijue."

Upepo ulikuwa umeirushia maji sakafu yote. Pakavu palikuwa juu ya kaburi peke yake. Hafidha alimlaza mtoto hapo, akapiga magoti, akamwekea kiganja kifuani na kumsomea aya alizozijua.

"Sogea," alimnong'oneza aliyekuwa chini. "Umelala vya kutosha."

Ndivyo Profesa alivyowakuta. Alishuka garini na wanafunzi wake, huku Haidari akiwafuata mbiombio, akainua mkono, wote wakanyamaza. Alipiga picha kwanza. Kisha akasogea.

"Mama," aliuliza kwa upole, "huja hapa kumwomba mzee huyu?"

"Kwangu kunavuja. Hapa hakuvuji."

Profesa aliwageukia wanafunzi. "Mnaona? Ni Waislamu, wanaona haya kukiri. Nimesoma habari za misheni maisha yangu yote, na ibada hii sijaiona imeandikwa popote." Akamgeukia Haidari. "Huja wengi?"

Haidari alimtazama Hafidha, kisha akayatazama mabati ya buluu.

"Wengi sana, Profesa. Tangu enzi za mababu."

"Mwongo," alisema Hafidha.

Wanafunzi walikuwa wakiandika. Neno hilo hawakuliandika.

Mradi ukaongezewa muda. Kwa heshima ya hao wanaokuja kuzuru, Haidari alipiga marufuku watu kulala kaburini, akatia kufuli la pili, na ufunguo wake akauweka mwenyewe. Mabati yaliyosalia yakaezekwa kwenye baraza la wageni. Hatimaye ikaja picha, kubwa, katika fremu ya kioo, na Chiku akaagizwa aitundike kwenye nguzo iliyoelekea uwanjani.

Siku hiyo pia ilinyesha. Hafidha alilisukuma turubai, sasa lenye kiraka, kwa mpini wa jembe, na ng'ambo ya uzio akajiona mwenyewe: amepiga magoti, mwanawe amelala mbele yake, mabati juu yao. Alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu, na wivu ukamkaba kifuani kama zamani. Nyuma yake Rukaya alikohoa, akatulia, akakohoa tena. Yule wa kwenye picha hakukohoa.

Chiku aliinua upindo wa kanga yake, akafuta tone lililokuwa limerukia kioo.