Programu Aliyoichagua Gerold Ostermann

Jumatatu asubuhi Gerold Ostermann alikuta kompyuta ya pili mezani pake, ikabidi ahamishie kikombe cha kahawa dirishani. Bi Krug, mkuu wa ofisi, alitaka programu moja ya kupanga kurasa za nyaraka zote za kiwanda: vipeperushi, orodha za bei, vitabu vya usalama. Kila kompyuta ilikuwa na programu yake ya majaribio. Gerold ndiye angechagua.

Programu ya kwanza ilimeza picha. Ukishaiweka kwenye ukurasa, inabaki ilivyo. Ya pili haikumeza kitu. Ilikumbuka tu picha imehifadhiwa wapi, na kila ukifungua ukurasa ilikwenda kuichukua upya. Picha ikibadilika huko iliko, ukurasa nao unabadilika.

Akaijaribu kwa kitabu cha usalama cha mashine ya roli, ile ya vyuma vinene vinavyozunguka na kukandamiza mpira kuwa mazulia. Aliyepigwa picha ya ukurasa wa mbele alikuwa mkewe, Irmtraud, amesimama kando ya mashine, anatabasamu. Baada ya picha ile, mashine hiyohiyo ilimvuta kwa mkono wa koti ikamuua. Kiwanda kilisema alizembea.

Programu ikauliza: picha imebadilika, nichukue mpya? Gerold akabonyeza ndiyo. Irmtraud alikuwa amefuga nywele.

Kesho yake alikuwa amevaa sweta ya kijani ambayo Gerold bado aliitunza kabatini. Gerold akaacha kwenda kantini. Alikula palepale mkate wake mweusi wenye soseji ya maini, kiti amekisogeza karibu na kioo cha kompyuta. Volkmar wa chumba cha michoro alipita, akainama kutazama.

"Shemeji amenenepa kidogo."

"Kidogo."

"Kumempendeza. Hakusemeshi?"

"Ni picha, Volkmar. Haina sauti."

Wiki iliyofuata Irmtraud hakuwa akitazama kamera tena. Alikuwa amegeuka. Mbele yake alionekana Roswitha, mama wa watoto wawili aliyepewa kazi yake, na Irmtraud alikuwa amemshika mkono wa koti, anamzuia asiifikie roli. Nyuma yao, kinga ya chuma inayopaswa kuifunika roli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Ilikuwa imekaa hapo tangu Irmtraud akiwa hai, kiwanda kilipoiondoa ili kazi iende haraka.

Gerold akashuka kiwandani. Roswitha alionekana peke yake kwenye mashine. Kinga ilikuwa ukutani.

"Kuna mtu anakuvuta?" Gerold aliuliza.

"Kila nikisogea mno. Tazama, mshono wote umeachia." Akamwonyesha mkono wa koti. "Ni mkeo? Mikono yake ni ya baridi, lakini ana nguvu."

"Amesema chochote?"

"Hapana, Bwana Ostermann. Yuko kazini."

Gerold akauchapa ukurasa ule, akampelekea Bi Krug. Bi Krug akavaa miwani, akautazama bila haraka.

"Kwa hiyo hakuzembea," Gerold alisema.

"Hilo lilishakwisha na watu wa bima. Roswitha ameumia?"

"Hajaumia."

"Basi kinga tuiache ilipo. Tukiirudisha kazi itapungua kasi, na pale naona tayari pana mtu."

"Irudisheni, Bi Krug. Mke wangu apumzike."

"Nilikuomba programu, Bwana Ostermann. Umechagua ipi?"

Gerold alitazama mgongo wa mkewe kwenye karatasi.

"Ya pili," akasema.

Wakainunua. Nyaraka zote zikahamishiwa humo, isipokuwa kitabu cha usalama cha mashine ya roli. Hicho Bi Krug aliagiza kipangwe kwa ile programu ya kwanza, na picha ya zamani, Irmtraud akitabasamu. Wafanyakazi wote wakapewa nakala.

Gerold alibaki na ukurasa wake. Akazijua mvi za mkewe zilivyoanza kisogoni, na bega la kulia lilivyoinama kwa uchovu. Uso hakuuona. Mchana mmoja ofisi ilipokuwa tupu alimwita, si kwa sauti kubwa. Irmtraud akaanza kugeuza shingo, shavu likaonekana na ncha ya pua. Hapo Roswitha akainama kuelekea kwenye roli, na Irmtraud akamrudia.