Hesabu ya Ndoo Moja

Barua ilifika Jumatatu ya kwanza ya mwezi, imegongwa mihuri miwili kana kwamba mmoja usingetosha kumtisha Mama Trevor. Halmashauri ilikuwa inamjulisha kwamba katika zama hizi za soko huria kila jengo la umma lazima lijulikane lina kazi gani. Kwa hiyo maktaba ya mjini Masasi, ambayo yeye ndiye mtunzaji wake, ingepimwa kwa siku ishirini za kazi. Ikipata wastani wa wasomaji thelathini kwa siku, itabaki. Isipofikisha, jengo litakodishwa kwa kampuni ya wanunuzi wa korosho, liwe ghala la magunia. Na msomaji, barua ilifafanua, ni mtu aliyeandika jina lake daftarini, akakaa kitini, akafungua kitabu. Mtunzaji mwenyewe hahesabiwi. Chini kabisa kulikuwa na sahihi ndefu ya J. Rajabu, afisa.

Mama Trevor, ambaye kanisani aliandikwa Ethel Yeremia, alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na miwili kabla ya kukabidhiwa funguo za maktaba. Mtu mwingine angelikodolea macho neno ghala. Yeye alilitazama neno wastani, akatabasamu. Halafu akafungua daftari la wasomaji, na tabasamu likamtoka.

Wasomaji wake alikuwa anawajua kwa majina. Kulikuwa na Emilia na wenzake wa darasa la saba. Kulikuwa na katekista mstaafu aliyesoma magazeti ya mwezi uliopita kwa sauti, kisha akabishana nayo. Na kulikuwa na Kasiani fundi cherehani, ambaye kila siku baada ya chakula cha mchana alifungua atlasi ukurasa uleule wa Brazili na kulala juu yake. Siku kumi na tano zilipokwisha, daftari lilikuwa na majina mia moja arobaini na nane, na hapo Kasiani amehesabiwa mara kumi na tano.

Tuseme ukweli, aliogopa. Mji ulikuwa umebadilika mbele ya macho yake. Tangu biashara ilegezwe, kila baraza lilikuwa linauza kitu: mitumba, kaseti, betri, sabuni za kunukia. Nyumba ya jirani ilikuwa inaonyesha video, na ukisimama mlangoni kujikinga jua tu, unaulizwa kama umelipa. Maktaba ndiyo iliyobaki paa pekee mjini ambapo mtu aliweza kukaa kutwa nzima bila kuulizwa ananunua nini. Mama Trevor hakujua angekwenda wapi bila paa lile, na zaidi ya hapo hakujua Kasiani angekwenda kulala wapi.

Siku zilibaki tano, na mia sita kutoa mia moja arobaini na nane ni mia nne hamsini na mbili. Jumapili hiyo, alipotoka kanisani na hesabu hiyo kichwani, aliwakuta wanawake wawili kituo cha basi. Mmoja alikuwa Mmakua wa hapohapo Masasi, mwingine Mmakonde wa Newala, kule juu mlimani ambako maji ni ya shida, na walikuwa wanataniana kama ilivyo desturi ya makabila yao. Yule wa Newala alikuwa anamweleza mwenziwe kwamba watu wa Masasi wamekaa karibu na majabali mpaka vichwa vimefanana nayo. Basi lilikuja, likapiga honi, likaondoka. Mwanamke wa Newala alilitazama likienda, kisha akarudi kwenye mazungumzo, maana alikuwa hajamaliza.

Mama Trevor, Mmakua wa baba na mama, alisimama pale barabarani akaona njia yake yote imenyooka. Watu wa huku wanaweza kuchoka na siasa, na mahubiri, hata na korosho. Lakini hajazaliwa wa kuacha tusi la mtani lilale bila kujibiwa.

Jumatatu asubuhi alitoa ubao mweusi wa zamani, akauegemeza ukutani nje ya mlango, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kiualimu:

*Watu wanane wa Newala wamepewa ndoo moja ya maji ya kuoga. Wote wameoga. Ndoo imebaki nusu. Je, kila mmoja ameosha sehemu gani ya mwili?*

Chini yake akaandika sharti. Anayetaka kujibu au kuuliza swali lake apewe chaki, ila chaki inatolewa kwa msomaji tu: jina daftarini, kiti, kitabu, angalau dakika tano.

Siku ile waliandika watu ishirini na watatu, wengi wao Wamakua waliokuja kucheka. Jumanne waliandika arobaini na mmoja. Jumanne hiyo hiyo Stefano, dereva wa lori la Newala, alisimama kununua sigara, akasoma ubao, akausoma tena huku midomo ikimcheza, akapanda gari akaondoka bila sigara. Mama Trevor alimwona dirishani, akajua habari imekwishapanda mlima.

Jumatano lori lilishuka na magunia ya korosho, na juu ya magunia walikuwa wamekaa watu. Walishuka wakiwa wamekunja mikono ya mashati. Mmoja alidai aonyeshwe aliyeandika. Mama Trevor akajitokeza mlangoni, wakamwamkia vizuri, shikamoo Mama, naye akaitikia marahaba, kisha akawanyooshea daftari. Walisoma dakika zao tano wamenuna kama wanaokunywa kwinini, wakapewa chaki. Ubao ukapata swali la pili:

*Watu kumi wa Masasi wamekaa kando ya jabali wakisubiri lisogee liwape kivuli. Halijasogea tangu walipokuja wamisionari. Je, watatambua lini kwamba jua ndilo linalosogea?*

Uwanja mzima ulicheka, na Wamakua waliocheka sana ndio walioingia ndani mbio kutafuta kiti. Siku hiyo walikuwa sitini na saba, na Alhamisi mia moja na wawili. Viti vilikuwa kumi na sita tu, kwa hiyo waliingia kwa zamu, na Emilia alishika saa ya mezani na kutangaza dakika tano zikitimia. Kasiani alihamishwa na atlasi yake mpaka kwenye mkeka.

Alhamisi jioni alipita Jafari Rajabu mwenyewe, yule mwenye sahihi ndefu. Alikuwa kijana wa makamo, mzaliwa wa Makote kule Newala, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Alimwamkia Mama Trevor kwa adabu, akapekua daftari, akaanza kulalamika. Alisema wiki tatu hakuja mtu, sasa wiki moja wanajaa, hilo si jambo la kawaida na wastani haukukusudiwa hivyo.

“Mwanangu,” Mama Trevor alimwambia, “mvua ya Newala kwa wastani wa mwaka inatosha kabisa, vitabu vinasema. Umewahi kumweleza hivyo mama yako mwezi wa tisa, akiwa ameshika ndoo tupu?”

Jafari alifunga daftari. Hakuruhusiwa kukasirika. Mmakonde anayemkasirikia mtani wake Mmakua huchekwa hata na watoto wake mwenyewe. Alichoweza kusema ni kwamba kesho saa kumi kamili atakuja kufunga hesabu, na kwamba hata akikosekana mtu mmoja, barua itafuatwa kama ilivyoandikwa.

Usiku huo Mama Trevor hakuhitaji karatasi. Waliopatikana ni mia tatu themanini na mmoja. Waliotakiwa bado ni mia mbili kumi na tisa, kwa siku moja.

Ijumaa asubuhi ilikwenda polepole. Lakini swala ya Ijumaa ilipokwisha, watu walimwagika kutoka msikitini moja kwa moja hadi uani kwa maktaba, na lori la Stefano likaleta wengine, wamesimama wameshikana viuno wasidondoke. Foleni ilizunguka jengo. Mama Trevor alikuwa anaelekeza huku na huku, huyu apewe kitabu cha nyuki, yule cha ukunga, yule mwenye haraka apewe chochote chenye picha. Kichwani alikuwa anahesabu, na hesabu ilikuwa inakwenda vizuri, mpaka kiti kimoja kikaacha kubadilisha mtu.

Aliyekikalia alikuwa Mzee Bonifasi, mkulima wa Newala, aliyekuja hasa kwa ajili ya kutukana. Emilia alimpa kijitabu cha kwanza kilichomjia mkononi, nacho kilikuwa cha ubwiriunga, ule ugonjwa mweupe uliokuwa unaunguza maua ya mikorosho yake mwaka wa tatu mfululizo. Dakika tano zilipita, Emilia akatangaza. Zikapita kumi. Mzee alikuwa anafuata maneno kwa kidole, midomo inatembea, na kila akifika mwisho wa ukurasa anarudi mwanzo kuhakikisha.

Emilia alimgusa bega. “Nangu bado,” mzee akasema kwa Kimakonde chake, yaani yeye bado, bila kuinua macho. “Niko ukurasa wa nne.”

Foleni ikaanza kunung’unika. Mama Trevor alikwenda kumwinua mwenyewe. Alipofika alimkuta amefungua ukurasa wenye mchoro wa jani, ametoa mfukoni jani halisi lililokauka, na analilinganisha. Bila shaka alilibeba kwa sababu nyingine, pengine kumwonyesha bwana shamba ambaye hakumkuta. Mama Trevor alisimama nyuma yake muda mrefu. Kwa siku tano alikuwa ameingiza mamia ya watu humu ndani, na huyu ndiye wa kwanza aliyesahau kwamba yuko kwenye foleni. Kila hesabu aliyoijua ilimwambia amnyanyue. Akamsogezea kijitabu cha pili, cha kupuliza dawa ya salfa, akarudi mlangoni huku akijilaani kimyakimya.

Saa tisa na nusu lori la Stefano lilipiga honi. Watu kumi na mmoja waliokuwa mwisho wa foleni, ambao kwa kiti kimoja zaidi wangekuwa wamekwishaingia, walilikimbilia wakapanda. Lori likaondoka nao.

Jafari alifika saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Aliketi mezani, akapita daftari jina kwa jina kwa ncha ya kalamu, huku uani watu wote, kila mmoja ameshaandika jina lake siku ile, wakimtazama dirishani. Alihesabu mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ya mtu ambaye hakufurahi kama alivyotarajia.

“Mia tano tisini na tisa. Wastani ni ishirini na tisa nukta tisa tano.”

Mtu mmoja alipendekeza wakamate yeyote anayepita barabarani, lakini barabara ilikuwa tupu, na saa ya mezani ilionyesha dakika tano zimebaki. Emilia alikuwa ameanza kulia. Mama Trevor hakutazama barabara. Alitazama shati la Jafari. Kisha akachukua chaki, akatoka nje, akafuta ubao wote kwa kitambaa chake cha kichwa, akaandika haraka kuliko alivyowahi kuandika maishani:

*Afisa mmoja wa Makote ana ndoo moja ya maji kwa wiki. Akifua shati, haogi. Akioga, hafui shati. Leo shati ni jeupe. Tafuta jibu.*

Kicheko kilichopasuka kiliwarusha njiwa kutoka paani. Wamakua walikuwa wameshikana mabega. Wamakonde nao walicheka, hawakuweza kujizuia, lakini wakicheka walikuwa wanamgeukia Jafari mmoja mmoja, wanangoja. Yeye ndiye mwenzao aliyesoma. Newala nzima ilikuwa imesimama pale uani bila jibu.

Jafari alikuja mlangoni akasoma ubao. Akanusa kwapa lake, bila kujijua, na kicheko kikaanza upya. Akanyoosha mkono kuomba chaki.

Mama Trevor aliificha nyuma ya mgongo. “Chaki ni ya wasomaji,” alisema. “Sharti unalijua, wewe ndiye uliyeliandika.”

Jafari alimtazama, akatazama saa, akatazama daftari lililokuwa wazi mezani, na mstari mtupu chini ya jina la mwisho. Hakuwa mjinga, alijua hasa anachoombwa. Aligeuka akawatazama watu wa kwao waliokuwa wamening’inia madirishani. Kisha akavuta pumzi, akarudi mezani, akaandika *Jafari Rajabu, Makote*, kwa sahihi ileile ndefu. Akavuta kiti kando ya Mzee Bonifasi. Kitabu kilichokuwa karibu kilikuwa atlasi, akaifungua, ikafunguka yenyewe kwenye Brazili. Saa ilipogonga kumi alikuwa bado amekaa, na watu wote walikuwa wakimhesabia dakika zake tano kama wanaongoja mwezi kuandama.

Zilipotimia, alipewa chaki. Alifikiri kidogo, akaandika chini ya swali la Mama Trevor:

*Masasi ina mji mzima, majabali yote, na mwalimu mmoja wa hesabu. Ilitafuta watu mia sita. Iliwapata mia tano tisini na tisa. Ilimwazima wapi wa mwisho?*

Wa Newala walipiga mayowe. Walimnyanyua afisa wao juu, shati jeupe na vyote, wakawa wanamzungusha uani. Mama Trevor alisoma ubao, akasoma tena, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ya barua akacheka hadi machozi, akalazimika kushika ukuta. Kwenye utani alikuwa ameshindwa vibaya, na kila mtu Masasi angelijua hilo mpaka Krismasi. Alikwenda mezani kugawanya ili aione kwa macho yake. Ilitoka thelathini, bila baki.

Kelele za uani zilikuwa zinazidi. Mzee Bonifasi, kidole juu ya ukurasa wa kumi na moja, akainua kichwa akawatazama wote waliojazana madirishani, mmoja baada ya mwingine.

“Mnaweza kupunguza sauti?” aliuliza. “Watu tunasoma.”