Bima ya Waliolala

Kaka yangu Kirimi hakuwahi kushika jembe hadi jasho limtoke, lakini kwa mdomo amevuna mashamba ya watu wengi. Mwaka wa tisini na saba alipata kazi ya kuuza bima kwa kampuni moja ya Embu. Jina la kampuni silitaji. Tangazo la bure halitatoka kwangu. Siku aliyokuja nyumbani Kiirua akiwa wakala, alivaa koti zito jua likiwaka, akatusalimia kwa Kiingereza, mimi na mama aliyetuzaa. Nikajua tumepatikana.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mama. Alimweleza habari za uzee mpaka mama mwenyewe akaanza kuuogopa, kisha akamtolea kalamu mfukoni. Tangu mwezi huo pesa zake za maziwa zikawa zinapitia Embu kwanza.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, mama alitoa ushuhuda kanisani. Kwetu ushuhuda hutolewa kwa kusimama. Huwezi kumshukuru Mungu umeketi kama mtu anayechambua maharagwe. Mama yetu, Jedidah, alisimama, mrefu, mgongo umenyooka, akasema mwanawe amempa mwavuli wa uzeeni. Akina mama wenzake walijiandikisha nje, kwenye meza ya Kirimi, kabla chai haijapoa.

Mwaka uliofuata mama aliinua sufuria ya githeri kutoka mekoni, mkono ukavunjika. Hakuanguka, hakugonga kitu. Ulivunjika tu hapo kwenye kifundo, githeri yote ikamwagika. Daktari Mbaabu wa hospitali ya misheni aliufunga plasta, kisha akaagiza apigwe picha za mgongo. Picha zilipotoka alituketisha, akasema mifupa ya mama imekuwa kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi: nje punje nzima, ndani unga.

"Kuna tembe mpya," akasema. "Haitamrudisha usichana, lakini itazuia asivunjike ovyo. Atameza asubuhi kabla ya chai, na glasi nzima ya maji matupu. Akishameza asilale. Akae wima nusu saa, la sivyo itamchoma koo."

Mama akacheka. "Daktari, mimi hata bila dawa silalangi mchana."

Tembe zenyewe zilitoka Nairobi na bei yake ilikuwa matusi. Dozi ya mwezi mmoja ilimeza mbuzi mzima. Nikamwita Kirimi aje na mwavuli wake.

Alikuja, akanywa chai, akakunja mguu juu ya mguu. "Hiyo cover ni ya mtu amelazwa," akasema. "Bima inalipa kitanda, operesheni, na dawa za wodi. Dawa ya kumezea nyumbani hailipi."

"Na akivunjika nyonga?" nikamuuliza.

"Ah, hiyo inalipwa yote. Hata chuma ya kuwekwa ndani." Aliyasema kwa furaha, kama mtu aliyetuletea nyama.

"Kwa hivyo mnangoja avunjike."

"Karambu, wewe hukusomea insurance."

Kweli sikuisomea. Nilisomea ushonaji. Lakini hata fundi wa cherehani anajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni ya kaka yangu ilikuwa imekaa kikao, watu wazima wenye tai, wakaamua kwamba nyufa haziwahusu, wao ni watu wa kuta.

Tukauza mbuzi. Kila asubuhi mama alimeza tembe yake, akasimama mlangoni na glasi mkononi, akitazama barabara ya Nanyuki mpaka nusu saa iishe. Sijaona mtu akimeza dawa kwa adabu namna ile. Wapita njia walimsalimu, naye akawajibu kwa kichwa tu, asije akaiudhi tembe. Lakini boma letu halikuwa ranchi, na mbuzi waliisha kabla ya mvua za Oktoba.

Hapo ndipo Kirimi alipoleta akili yake. Mama alazwe siku chache katika hospitali moja ndogo ya kibinafsi karibu na uwanja wa Kinoru. Daktari wa pale aandike tembe za miezi mingi, kampuni ilipe kama dawa za wodi. "Watu wote hufanya hivyo," akasema.

"Nilale kitandani na nina nguvu?" mama akauliza. "Watu wataniona aje?"

Mimi pia nilimsihi. "Mami, ni mgongo wako tunatafutia dawa. Lala tu kidogo." Akakubali, kwa uso wa mtu anayevalishwa nguo ya jirani.

Wakampa gauni la hospitali. Wakamwambia mkaguzi wa bima atakuja kutoka Embu, na ni lazima amkute kitandani. Asubuhi muuguzi alileta tembe. Mama akaimeza na maji yake, akatandika kitanda vizuri, akaenda kusimama dirishani.

"Mami, rudi kitandani," muuguzi akasema. "Mkaguzi ako njiani."

"Daktari alisema nikishameza nisilale."

"Lakini mkaguzi akikukuta hivyo?"

"Kwani koo ni ya mkaguzi?"

Mimi nilikuwa nimeketi pembeni. Kirimi alikuwa mlangoni, koti na yote. Akaingia mkaguzi mwenyewe, anaitwa Mwaniki, mtu wa viatu vinavyong'aa kuliko maneno yake. Akatazama kitanda kilichotandikwa, akamtazama mama.

"Mgonjwa wa kitanda hii ako wapi?"

"Ni mimi," mama akasema.

"Mgonjwa, na umesimama?"

"Nasimama kwa sababu ya dawa."

"Dawa gani hiyo ya kusimama?" Alimpima kutoka utosini hadi miguuni, akauona mgongo wetu ulionyooka, ule ambao mbuzi wetu wote waliuzwa kwa ajili yake, akatabasamu kama aliyeshika mwizi wa kuku. "Mama, mgonjwa hulala. Wewe hauna shida. Enda nyumbani."

Nikamtazama Kirimi. Alijua habari ya tembe. Alikuwepo nilipomsomea mama maagizo ya daktari. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Kaka yangu alinyoosha tai yake. "Ni makosa ya hospitali, bosi," akasema. "Mimi pia nimeshangaa."

Nilimdharau siku hiyo, na sijaona sababu ya kuacha.

Tulirudi Kiirua bila tembe. Nilishona sare za shule mpaka macho yakawasha, nikanunua dozi ya mwezi mmoja, kisha ya mwezi mwingine, kisha shule zikafunga. Mama hakulalamika. Aliendelea kusimama mlangoni asubuhi na glasi ya maji peke yake, kwa mazoea. Kadiri miezi ilivyopita alianza kuinama, na mimi nikajifanya sioni.

Mvua ya Aprili iliponyesha aliteleza kwenye mlango wa zizi. Nyonga ikavunjika.

Na sasa ndugu zangu mngeiona bima. Simu zilipigwa, gari likaja, kitanda kikapatikana, chuma kikawekwa. Kampuni ililipa kila kitu bila kuuliza. Mwaniki alifunga safari mwenyewe kutoka Embu, akasimama karibu na kitanda, akautazama mguu uliofungwa, akaandika. "Hii sasa iko sawa kabisa," akasema.

"Leo umenikuta nimelala," mama akamwambia. "Umeridhika?"

"Nimeridhika, mama. Ugua pole." Akaenda zake. Kumtukana mtu wa aina hiyo ni kumwagia bata maji.

Daktari Mbaabu alitujia baadaye, akasema taratibu kwamba mama hatasimama tena. Nilimuuliza kuhusu zile tembe. Akatikisa kichwa. Kwa mgongo ule hawezi tena kukaa wima, kwa hivyo hawezi kuzimeza, hata mtu akimlipia.

Kirimi alikuja Jumamosi na chane ya ndizi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akazungumza habari za mvua, kisha akafika alikokuwa akienda. "Mami, kesho akina mama wangependa kusikia vile kampuni imekusaidia. Utoe ushuhuda kidogo tu. Gari ya kampuni itakubeba mpaka kanisani."



"Nitakuja, Kirimi," mama akasema. "Lakini unajua kwetu ushuhuda hutolewa kwa kusimama." Akamnyooshea mikono yote miwili. "Nisimamishe."

Kirimi aliitazama ile mikono, kisha akautazama mlango. Hakuishika.

Jumapili alisimama yeye mwenyewe, na koti lake, akashuhudia jinsi mama yake alivyolipiwa hadi senti ya mwisho. Walimpigia makofi. Nje, meza yake ilijaa watu kabla chai haijapoa.