Shimo Lililowaangukia Wafungwa

Tata Tharcisse wa Dilala, mtaa wa machimbo ya shaba, alikuwa na chumba cha video, na mke wake, mama Laurentine, alikuwa na kuku arobaini wasio na pa kulala. Wakapatana hivi: Jumapili watazamaji wasipokaa mpaka mwisho wa filamu, kuku wanaingia humo kulala.

Tharcisse akaweka filamu ya zamani aliyoipenda kuliko zote, ya askari waliofungwa vitani wanaochimba njia chini ya ardhi ili watoroke. Wachimbaji wa shaba wakajaa mpaka mlangoni. Ila kunyamaza hawakujua.

"Banachimba kama bakarani ba ofisi," alisema Dady, mkubwa wao. "Mbao yabo ya kushikilia udongo ni kidogo. Ile shimo itaanguka."

Na kweli likaanguka, likamfunika askari mmoja. Wachimbaji wote wakasimama, wakavua kofia.

"Tata, zima," Dady alisema polepole. "Shimo ikiangukia mutu, siku ile kazi haiko."

"Hii ni filme, baba. Inabakia saa nzima."

"Tutarudia kesho."

Wakatoka mmoja mmoja kama watu wa msibani. Laurentine alikuwa tayari mlangoni, jogoo kwapani.

"Batu beko wapi?"

Tharcisse akamweleza yote, kichwa chini. Mama akatazama viti vitupu, kisha ile televisheni iliyozimwa.

"Na ule mutu wa chini ya udongo, balimutosha inje?"

"Kesho."

Laurentine akaketi mbele kabisa, akampakata jogoo.

"Mi siko muchimbaji," alisema. "Washa."