Kuna Kitabu cha Pili

…na sasa wamegawiwa mapanga, watoto wa rika lake, wamefungiwa ndani ya ukuta mpaka abaki mmoja, binti yangu anasoma kwa sauti huku nimembana kichwa kati ya magoti, namsuka, kesho shule, na msichana wa kitabuni anakimbia, anakimbia, na mimi nagawa nywele mafungu matatu kana kwamba sisikii, tulia basi, usitikise kichwa, "Usiogope, Mama, hafi huyu, kuna kitabu cha pili," eti hafi, haya, raha iliyoje kujua mapema… waliotuchukua sisi darasani hawakupiga kura kama hao wa kitabu chake, walitupima kwa bunduki, unasimamishwa kando yake, ukiizidi ni yako, na dada yangu aliizidi kwa kichwa kizima, mrefu yule, nyumbani tulimwita Mlingoti, mimi Kijiti nikapewa sufuria nibebe, ufupi niliochekwa nao miaka yote ndio ulionirudisha kwa mama peke yangu, tukakubaliana tuseme homa, dada alikufa kwa homa, basi, yakaisha, na huyu hapa anarefuka kila nikigeuka, nikimpimia sketi mpya naogopa, kweli naogopa, sketi tu… "Mama, unaniumiza," pole mwanangu, nimekaza mno, nalegeza, utosi wa dada yangu kabisa huu, na kishungi kile kile kisichokubali kulala… kwa nini asisome hadithi za mapenzi kama wenzake, nilimuuliza juzi, unapendea nini watoto wanaouana, akanijibu, humo watu wanasema kilichotokea, nikacheka, nikamwambia lete kitana, mjinga mimi, sikio la kufa… na sasa ukurasa haugeuki, kidole kipo kwenye mstari, "Mama," bila kuinua kichwa, "bibi aliniambia mama mkubwa hakufa kwa homa," lini, nataka kuuliza, bibi yako alikwambia lini, kabla hajatutoka basi, mwaka juzi, ina maana muda wote huu anajua, kila Jumapili ananikalia miguuni na vitabu hivi, na kusoma kimoyomoyo anaweza kama watu wote, wala si mzito wa kusoma, ila akifika pabaya anasimama kidogo, anangoja, na mimi siku zote nikidhani anavuta pumzi.