Somo la Ndoo

…na kalamu yenyewe ilikuwa haitaki, ilihitaji kukorogwa kwanza pembeni ndipo itoe wino, na pembeni mwa karatasi kama hii hapakorogwi kitu, alilijua hilo hata kabla Mkuu wa shule hajasema kwa sauti ya asali, “taratibu, mwanangu, tusiichafue, saa nne mpelelezi wa ajali anaifuata,” mwanangu, leo kawa mwanangu, siku zote ni wewe Wakili punguza mdomo, wewe Wakili hapa si mahakamani, jina walilompachika walimu wenzake wa udereva kwa sababu hajawahi kushindwa maneno tangu azaliwe, anaweza kubishana na mwanafunzi juu ya koni iliyogongwa mpaka koni yenyewe iombe radhi, na sasa huyo Wakili kakaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, akihema tu kinayumba, mvua inatwanga bati juu ya ofisi, kalamu iko hewani, upana wa kidole juu ya mstari wa sahihi, na ulimi umelala kinywani kama tambara la kudekia… Mimi, mwalimu wa udereva, ninathibitisha kwamba mwanafunzi aliyetajwa hapo juu alipewa saa mbili kamili za kuendesha kwenye barabara yenye maji, akaelewa, akafaulu. Akaelewa. Akafaulu. Saa mbili kamili! Nani kamtuma Mkuu aongeze kamili, mtu akiongeza kamili mahali pasipoulizwa ujue kuna kitu kinavuja, hilo angelisema jukwaani na ukumbi mzima ungepiga makofi, lakini hapa hapana ukumbi, pana kabati la chuma, kalenda ya mwaka juzi, na Mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akimtazama mkono.

“Unasubiri nini?” Mkuu alikuwa akisema, “si kitu kipya, ni kile kile ulichoandika kwenye kadi yake, unakirudia tu,” na ubaya ni kwamba alisema kweli, kadi ilikuwa pale pale mezani, ya kijani, visanduku kumi na vinne, na kisanduku cha kumi na moja, barabara yenye maji, kilikuwa na alama ya vema ya wino wa bluu na sahihi yenye mkia mrefu, na mkia ule haukuwa wa mtu mwingine, ni wake, aliufanyia mazoezi nyuma ya madaftari tangu yuko shule, akijua ipo siku atakuwa mtu wa kusaini mambo mazito… haya basi, siku imefika. Na kisanduku cha kumi na moja hujazwa siku ya jua, mtu wa nje ukimweleza atadhani unamtania, lakini tangazo hili hapa ukutani, juu ya kichwa cha Mkuu, MVUA IKINYESHA HAKUNA SOMO, kwa sababu magari ya shule ni mawili tu na Mkuu anayapenda kuliko anavyopenda magoti yake, hataki matope, hataki mkwaruzo, kwa hiyo mvua ikija watu wanarudi makwao, na jua likitoka Wakili anachukua ndoo ya bluu, anaijaza kwenye bomba la nyuma ya choo, anaimwaga uwanjani katikati ya koni mbili, na wanafunzi wanapita juu yake mmoja mmoja, gia ya kwanza, mwendo wa bibi harusi, wanacheka, kuna mmoja aliwahi kuuliza, “Mwalimu, gari linanawa miguu?” na yeye mwenyewe alicheka, ndiyo, alicheka mpaka akaegemea koni, halafu vema, vema, vema, kadi sita kabla ya saa sita mchana, somo la ndoo, walimu wote wanaliita hivyo na hakuna anayeona haya, na saruji ya uwanja ina kiu, mwanafunzi wa nne akifika maji yameshanywewa, limebaki doa, na mkunga, mwenye kadi hii, alikuwa wa nne.

Mkunga, maana wanafunzi wote aliwaita kwa kazi zao, mkunga wa zahanati, mtu mzima, kucha fupi, mikono iliyosuguliwa mpaka inang’aa, alikuja na daftari la kurasa mia, kila neno analoambiwa anaandika, mguu wa kushoto klachi, ameandika, tazama kioo kabla ya kuwasha taa ya kona, ameandika na kupigia mstari, hata utani alikuwa anauandika, na siku ile alipofika kwenye doa alisimamisha gari akatoa kichwa dirishani akasema, “Mwalimu, mbona hapa pakavu?” na Wakili, jibu likiwa limeshafika mdomoni kama kawaida yake, majibu yake hayajui foleni, akamwambia, “Wewe jifanye tu pana maji, dada, kwani nyinyi leba si mnawaambia wenzenu wajifanye hawaumwi?” wakacheka wote, mkunga akapita juu ya doa akijifanya, kwa makini kabisa, midomo ameibana, kama mtu aliyebeba kichanga… ah. “…nisikilize basi,” Mkuu alikuwa ameshika karatasi nyingine, “nikusomee alivyosema mwenyewe, uone kwa nini tunahitaji hii ya kwako,” akaanza kusoma kwa sauti ya taarifa ya habari, nilikuwa nampeleka baba yangu kliniki ya macho, mvua ilikuwa na dakika kumi hivi tangu ianze, ndiyo ilikuwa ya kwanza baada ya kiangazi… dakika kumi, mvua ya kwanza, Wakili anajua sasa maana yake nini, oili ya miezi yote na vumbi la miezi yote vinaelea juu ya lami vinakuwa kama mlenda, anajua kwa sababu amesoma, ukurasa wa arobaini na saba wa kitabu cha mwongozo kinacholala ndani ya kabati lile la chuma, kurasa zilikuwa zimeshikana tangu kiwandani, hazijawahi kufunguliwa na mkono wa mtu, alizitenganisha kwa rula siku moja baada ya ajali, amesimama, hakuweza hata kukaa, na ukurasa ukamwambia pole pole kama unaongea na mtoto, kwenye maji usikanyage breki kwa nguvu, magurudumu yatagoma kuzunguka na usukani hautakusikiliza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani, acha gari lipungue lenyewe, na kabla ya yote kaa mbali na wa mbele mara mbili ya siku ya jua… mistari mitano. Mistari mitano tu, jamani! Mtu angeimeza pamoja na chai. “…gari la mbele likapunguza mwendo,” Mkuu anasoma, “nikafanya kama nilivyofundishwa, nikakanyaga breki mpaka mwisho na nikaishikilia, gari halikusimama, likaenda ubavu, nikazidi kukanyaga,” hapo akainua miwani, “kama nilivyofundishwa, umesikia? Hapo ndipo wanapotaka kutuingilia.”

Breki ni ndugu yako wa damu, ukiogopa, mwite. Maneno yake. Hakuyaokota mahali, aliyatunga, aliyasema kwa kila mwanafunzi mpya akipiga dashibodi kwa kiganja, ukiogopa, mwite, na wanafunzi waliyapenda kwa sababu yana mdundo, mkunga aliyaandika kwenye jalada la daftari kwa herufi kubwa, na alipoogopa akamwita, akamwita, akazidi kumwita, na upande wa abiria ukaenda kukaa juu ya ukingo wa mtaro. Baba yake. Mzee aliyekuja mara moja kusimama kwenye uzio na gazeti kwapani, akimtazama binti yake akirudi nyuma kati ya koni bila kugusa hata moja, akapiga makofi peke yake, akasema, “Mwalimu, nakukabidhi huyu, mnoe vizuri, mimi ndiye abiria wake wa kwanza,” naye akamjibu, “Mzee, utasinzia njiani,” lo, midomo mingine ingeshonwa tu… Sasa tulia, Wakili, hebu tulia, jenga hoja, hoja zipo, mtahini aliyempa leseni alimpima siku gani, siku ya jua, chini ya kivuli, dakika kumi na mbili, na aliyemuuzia gari lenye tairi vipara yuko wapi, mbona hakalishwi kwenye kiti kibovu, na waliojenga mtaro bila kizuizi cha maana, na nchi nzima inayogawa leseni kama vipeperushi halafu mvua ikinyesha inashangaa, inahesabu magari mitaroni, inatikisa kichwa, inasema madereva wapya hawa, hawana adabu ya barabara, na nani alimfundisha yeye Wakili mwenyewe, nani, si huyu huyu aliyekaa mbele yake, kwa ndoo hii hii, tofauti ni kwamba wakati ule ilikuwa nyekundu!

“Mkuu,” akajisikia anasema, “wewe nani alikufundisha kwenye maji?”

Mkuu akashangaa, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwema, maana si mtu mbaya, hilo ndilo linalochosha, angekuwa mbaya kazi ingekuwa rahisi. “Mimi? Enzi zetu hata hicho kisanduku hakikuwepo. Mimi mvua ikinyesha napaki, mwanangu. Nakaa ndani nasubiri ikatike.” Ndiyo hivyo basi, miaka yote, darasa baada ya darasa, mtu asiyejua anamfundisha asiyejua juu ya doa la maji, na wote wana leseni, wote wako barabarani sasa hivi na mvua hii, na hoja zake zote, zile nzuri, zile za makofi, alizitazama moja moja zikiteleza, kwa sababu hata zikisimama zote, mtahini akaja, muuza gari akaja, bado mkia wa sahihi ni wake na breki ni maneno yake… “Na daftari je?” akauliza, “yule alikuwa na daftari, aliandika kila kitu, ataonyesha,” akasikia sauti yake ina tumaini au ina woga, hakujua ni kipi, na Mkuu akashusha pumzi kama aliyetua mzigo, “lilikuwa garini. Limelowa lote, mpelelezi kasema halisomeki hata herufi moja. Mungu mkubwa.” Mungu mkubwa. Kurasa mia. Jifanye tu pana maji, nalo limo humo, limeyeyuka, kwa hiyo imebaki kadi, na karatasi hii, na kinywa cha mwanamke mmoja mwenye mfupa wa bega uliovunjika ambaye mlangoni mwa wodi yake kawekwa askari, mashtaka ni uzembe uliosababisha kifo, cha baba yake mwenyewe, na asubuhi hii karatasi ikisainiwa uzembe huo unakuwa na ushahidi, alifundishwa, akaelewa, akafaulu, hakutaka tu.

Usisaini, basi. Rahisi hivyo tu, simama, chana, sema. Atafukuzwa, sawa, atanyang’anywa leseni ya ualimu, sawa, lakini kabla hajasimama tayari kuna kitu kilikuwa kimemshika pindo la nguo, kile alichokuwa anakizunguka tangu asubuhi kama gari linalozunguka shimo, ile simu ya jana. Jana mchana, namba asiyoijua, nesi akamshikia mkunga simu sikioni, na ile sauti, haikulia, haikulaumu, ilikuwa sauti ile ile ya mwanafunzi mwenye daftari, “Mwalimu, samahani nakusumbua. Nataka tu kujua nilikosea wapi. Nilikanyaga mapema, au nilichelewa?” na kulikuwa na kimya, kimya kirefu cha kutosha mistari mitano ya ukurasa wa arobaini na saba, angeisoma yote mara mbili, dada hukukosea, dada ulifanya nilichokuambia, mimi ndiye, na kimya kikaisha, na kinywa kisichojua foleni kikajibu chenyewe, kwa upole, kwa huruma kabisa, “Ulichelewa kidogo, dada yangu.” Ulichelewa kidogo. “Asante, Mwalimu,” mkunga akasema, “nilijua tu. Nilijua ni mimi,” na bila shaka kama angekuwa na mkono mzima angeandika.

Dirishani mtu akagonga kioo, fundi cherehani, mwanafunzi wa saa tatu, mfuko wa plastiki kichwani, maji yakimchuruzika puani, na nyuma yake uwanja wote umejaa, ukuta hadi ukuta, koni zinaelea, kisanduku cha kumi na moja kizima kizima kimelala pale wazi, hakihitaji ndoo, na gari limeegeshwa chini ya paa, kavu, “Mwalimu, leo somo lipo, au ndiyo hivyo tena?” na kwa kitambo kidogo Wakili aliona kila kitu, funguo zinaning’inia kwenye msumari nyuma ya Mkuu, mkono wake unazifuata, fundi anaketi nyuma ya usukani na suruali yake iliyolowa, taratibu, ondoa mguu, shika, usimwite yule ndugu, tena, tena, mpaka mwili ujue… aliona, na akafungua kinywa amwambie ingia.

“Mvua, kaka,” akasema. “Hakuna somo.”

“Sasa kile cha kumi na moja nitakipata lini? Kimebaki hicho tu, na Jumatatu nafanya mtihani.”

“Jua likitoka,” akasema, na akaisikia sauti yake, ile ile ya jana, yenye huruma, isiyotetemeka, ndipo akajua kwamba hakuwa akiamua kitu hapa, kwamba karatasi hii alishaisaini jana kwa mdomo, na kabla ya jana kwa kicheko, huu mkono ulikuwa unachelewa tu, kidogo. “Asante, Mwalimu,” fundi akasema nje ya kioo, akageuka, akainua suruali, akaanza kuzunguka uwanja kwa kufuata ukuta asikanyage maji ya kina, na Mkuu akasema, “haya, mwanangu,” na mvua ikatwanga bati, na kalamu ilikuwa bado hewani, upana wa kidole.